Uwanja wa Nyuma wa Mzee Kisilu

Katika Majengo yote ya Thika, mwaka ule wa hamsini na sita, hapakuwa na mtu aliyeyajua mambo ya ujenzi kumshinda Mzee Kisilu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, tena ndogo: hakuwahi kujenga kitu. Hata nyumba aliyolala aliinunua ikiwa imekwisha kusimama, kutoka kwa mjane mmoja aliyekuwa akirudi kwao pwani. Siku aliyoingia aliizunguka akigonga kuta kwa fimbo, akatikisa kichwa, akasema aliyeijenga hakuwa fundi. Nyumba haikumjibu, ikaendelea kusimama.

Elimu hiyo hakuipata shuleni. Aliipata Ruiru, jikoni kwa mzungu mmoja wa kahawa, alikoingia akiwa kijana kutoka Kangundo. Alipasua kuni, akaosha masufuria, akapanda cheo hadi akavaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu na kuitwa mpishi. Memsabu wa nyumba ile wafanyakazi walimwita Kanyoni, yaani kandege kwa Kikuyu, maana alidonoa chakula chake na hakuchoka kulia. Kanyoni hakuwa na mtoto wala ng'ombe wa kumshughulisha. Alikuwa na uwanja wa nyuma. Kila kiangazi aliwaita makontrakta waje wamwambie watakavyoutengeneza: baraza ya mawe, ngazi, kidimbwi cha samaki wasioliwa. Kila kontrakta alipofika, Kisilu alitoka na sinia la chai, akalitua mezani, kisha akasimama kando ya ukuta mikono nyuma, akingoja kuambiwa aondoke. Hakuambiwa. Siku zile mtu aliyevaa kanzu hakuonekana.

Hivyo ndivyo alivyosoma. Aliona kwamba mtu mkubwa hakubali makadirio ya kwanza, hasa yakiwa mazuri. Aliona kwamba mtu mkubwa huuliza maji yatapita wapi, na akisha kujibiwa huuliza tena. Tena aliona kwamba neno la mwisho ni "nitafikiria", nalo husemwa macho yakiwa yanatazama mbali. Makontrakta walitoka pale wakijipangusa jasho: Wazungu, Wagoa, hata Makalasinga waliojenga nusu ya Nairobi. Kisilu aliwahurumia huku akifurahi. Jambo moja tu halikumwingia akilini. Miaka yote hiyo ya kubeba sinia, alilibeba akipita juu ya ubao uleule, uliotandikwa juu ya dimbwi lilelile la matope, kwa sababu nyuma kwa Kanyoni hapakujengwa hata kizingiti.

Alipoacha kazi aliondoka na helmeti kuukuu ya Bwana, miwani ya Bwana, fimbo, na maoni. Akahamia Majengo na mkewe Mbithe, ambaye miaka hiyo yote alikuwa Kangundo akilima na kulea.

Sasa uwanja wa nyuma wa Kisilu mwenyewe ulikuwa hivi: mafiga matatu, bati moja lililochakaa juu ya miti minne isiyopatana, kuku, na dimbwi. Hapo ndipo Mbithe alipopikia. Jua likiwaka alipika juani, upepo ukivuma alifukuzana na moshi, na mvua ikinyesha aliikinga sufuria kwa mgongo wake. Ndani ya nyumba palikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma na viti vya wageni, na mgeni aliyekunywa chai pale hangeweza kukisia ilikotoka. Mpishi mwenyewe, aliyewakaangia wazungu nyama nusu ya maisha yake, hakugusa mwiko nyumbani. Alikuwa amestaafu.

Mapema mwaka ule ikaja habari kwamba binti yao Katunge ni mjamzito, na anataka kujifungulia kwa mama yake. Mumewe, Munyao, alikuwa askari, na ile Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, ilimshikilia huko Nyeri. Mama mkwe wa Katunge alikwisha kufariki. Hospitali Katunge hakutaka hata kuisikia. Alitaka mikono ya mama yake na moto wa mama yake, basi.

Mbithe hakuzunguka mbuyu. Alimngoja mumewe amalize chai, akasema:

"Baba Katunge, huyo mtoto atakuja na mvua ya Machi. Mimi siwezi kuosha kitoto kichanga hapa nje nikinyeshewa. Nataka jiko. Kuta, paa, na mlango wa kufunga upepo. Sitaki kitu ingine."

Kisilu alikubali palepale. Laiti angekataa! Mbithe alijua la kumfanyia mume anayekataa, kama wanavyojua wake wote. Lakini mume anayekubali kwa moyo mkunjufu, akasimama, akavaa helmeti, akatoka kuutazama uwanja kana kwamba ndiyo kwanza auone, huyo hana dawa.

"Tutaita kontrakta," alisema.

"Kontrakta wa nini? Nikiita wanawake wa mwethya, jiko itasimama kabla ya Jumapili."

Mwethya ni ule mkusanyiko wa majirani wa Kikamba, wanaojengeana na kulimiana kwa zamu huku wakiimba. Leo kwako, kesho kwangu, na uji kwa wote. Nusu ya nyumba za Kangundo zilisimama hivyo, na ile aliyozaliwa Kisilu ilikuwa mojawapo.

"Mama Katunge, hapa ni taun, si kijijini," alijibu Kisilu kwa upole wa mtu anayemwelimisha mwenzake. "Watu wa taun hawajengewi na nyimbo."

Kontrakta aliyekuja aliitwa Wainaina, Mkikuyu wa Ruiru, mwashi aliyewahi kujenga maduka ya Wahindi. Jina la kontrakta lilimpwaya kidogo. Mali yake ilikuwa baiskeli, kamba ya kupimia, na ndugu zake wawili wa kuchanganya simiti. Siku zile Mkikuyu hakuvuka kutoka mji huu kwenda ule bila ruhusa, kwa hiyo alikuja na pasi mfukoni iliyomtaka awe amerudi Ruiru kabla ya jua kutua. Aliendesha baiskeli yake katikati ya makonge ya Juja, akafika na vumbi mpaka kwenye kope.

Aliutazama uwanja. Akamtazama Mbithe ndani ya moshi wake. Akaelewa mara moja, na hilo ndilo kosa lake la kwanza. Alipima kwa kamba, akachuchumaa, akachora kwenye karatasi, akampa mzee.

"Kazi si mingi, mzee. Jiko naweka hapa karibu na mlango ya nyuma, mama asibebe chakula mbali. Msingi ya mawe, ukuta ya udongo na plasta ya simiti, juu mabati na bomba ya moshi. Hapa chini nachimba mtaro, hii maji yote iende barabarani. Nikianza Jumatatu, mvua itakuta nimemaliza."

Kisilu alivaa miwani ya Bwana, iliyomfanya aone mistari yote ikiogelea, akaishika karatasi mbali, akaishika karibu. Makadirio yalikuwa mazuri. Bei ilikuwa ya kibinadamu. Jiko lilikuwa mahali pake. Moyoni Kisilu hakuwa na neno la kuongeza, na kwa sababu hiyo hasa alijua hawezi kukubali.

"Na maji yatapita wapi?" aliuliza.

"Kwa mtaro, mzee. Ndiyo hii hapa."

"Naona. Na maji?"

Wainaina alimwangalia Mbithe. Mbithe aliangalia sufuria.

"Nitafikiria," alisema Kisilu, akatazama mbali. Kwa Kanyoni, mbali palikuwa na kahawa na milima. Kwa Kisilu palikuwa na kamba ya nguo ya jirani, kwa hiyo alizitazama shumizi za watu kwa fikra nzito sana, mpaka Wainaina alipopanda baiskeli yake na kwenda.

Habari zikaenea. Majengo ilikuwa na wenye nyumba wengi waliopunjwa na mafundi, na waliposikia kuna mzee aliyemrudisha kontrakta Ruiru mikono mitupu, walikuja kusikiliza. Kagwe, muuza makaa wa pale kona, alimwomba aje amkadirie banda la kuku. Kisilu alikwenda na fimbo yake, akaligonga, akauliza maji yatapita wapi. Banda likaanguka upande mmoja. Kagwe alimshukuru kwa kumwonyesha ubovu wake mapema.

Wainaina alipopata pasi nyingine na kurudi, Katunge alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi juu ya debe kando ya mafiga, miguu imevimba, macho mekundu kwa moshi, akichambua maharagwe. Kisilu alimpenda binti huyo kuliko kitu chochote duniani, na alikuwa akimwambia kila asubuhi avumilie kidogo, kazi kubwa ilikuwa ikiendelea. Nayo iliendelea kweli, kichwani mwa Kisilu. Alikuwa amegundua kwamba jiko la Wainaina lina ila.

"Hapa mlangoni linaziba," alisema.

"Inaziba nini, mzee?"

"Mandhari."

Wainaina aligeuka akatafuta. "Lakini huko ni choo."

"Leo ni choo," alisema Kisilu, na kwa fimbo akachora hewani alichokiona. Palikuwa na waridi. Palikuwa na kijia chenye mawe yaliyopakwa chokaa, ua wa kaiyaba uliokatwa ukanyooka, na benchi la kukalia jioni mtu akistarehe na birika lake. Katika picha yote hiyo jiko lilikaa vibaya popote lilipowekwa. Liliwekwa pembeni, likaziba waridi. Likasogezwa nyuma, likaziba ua. Likapelekwa kando ya choo, na hapo Mbithe alikohoa, kikohozi kirefu kisicho cha moshi. Wainaina alifuta, akachora, akafuta tena. Alikuwa mtu wa subira. Miaka ile Mkikuyu asiye na subira hakufika mbali. Lakini kila mara alitupia jua jicho, kwani pasi yake haikujua mambo ya waridi.

"Nitafikiria," alisema Kisilu.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kilimambogo. Kila jioni yalisogea, na kila asubuhi Mbithe aliyatazama, kisha akamtazama mumewe. Hakusema. Alikuwa amesema mara moja, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na hakuona lugha ya tatu ya kujaribu.

Wainaina alirudi tena na karatasi mpya, safi, iliyochorwa kwa rula. Safari hii Kagwe na wenzake walikuwa wameegemea ua kutazama, kama watu waliokuja kuona mpira. Kisilu aliitandaza karatasi juu ya pipa, akakisifia kijia, akalisifia benchi. Mbithe akaja akijipangusa mikono kwenye leso. Kusoma hakujua, lakini aliinama akaipitia karatasi yote polepole.

"Bwana Wainaina, nionyeshe. Mimi niko wapi hapa?"

Wainaina alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo. "Mama... hii ni maua. Hii ni njia. Hapa ni mahali ya mzee kukaa." Akamtupia mzee jicho. "Jiko mzee alisema itoke kwanza."

"Halikutoka," Kisilu aliingilia upesi. "Liko sehemu ya pili."

"Sehemu ya pili ni lini?"

"Waridi likishika mizizi."

Huko uani mtu alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya. Mbithe alibaki ameinama palepale, kidole juu ya karatasi, juu ya lile benchi. Katunge aliacha kuchambua maharagwe. Wainaina ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini ili mzee asiaibike mbele za watu.

"Mzee wangu, acha nijengee mama jiko peke yake. Ile ya kwanza. Hii maua tutaongea mwaka ingine. Nikipata pasi kesho, kesho naanza."

Ni lazima tumtendee haki Kisilu: moyo wake uliguswa. Aliiona miguu ya Katunge. Aliyaona macho yake. Neno "anza" lilimjia mpaka kwenye ulimi, likakaa pale, tamu, jepesi, tayari kutoka. Lakini Kagwe alikuwa ameegemea ua, na wenzake wakisikiliza, na katika miaka yote ile ya sinia Kisilu hakumwona mtu mkubwa hata mmoja akikubali makadirio mbele ya watu.

"Nitafikiria," alisema.

"Sawa, mzee." Wainaina alizungusha kamba yake mkononi, akaitia mfukoni pamoja na pasi. "Wewe fikiria. Mimi nimepata kazi Juja."

Kisilu aliona amemshinda. Kagwe pia aliona hivyo, akampa mkono juu ya ua.

Mvua haikungoja mwisho wa Machi. Ilishuka mchana mmoja, wakati isyo, mahindi na maharagwe, ikiwa imebakiza kidogo kuiva. Upepo ulilibeba bati ukalitupa kwa jirani. Moto ulizimika kwa mlio mmoja. Katunge aliinuka kuiokoa sufuria, mguu ukateleza kwenye dimbwi, akakaa chini matopeni kwa uzito wake wote na wa mwanawe. Mbithe alipiga ukemi akamrukia. Binti alikuwa mzima, lakini alikuwa akilia, mikono yake yote miwili tumboni.

Kisilu alikuwa mlangoni, mahali pakavu, helmeti kichwani. Alikuwa amepigwa na butwaa, na hofu ilimkamata kweli, na mtu mwingine aliyekamatwa na hofu angeruka akamsaidia mkewe. Yeye alisikia kinywa chake kikisema:

"Unaona sasa? Si niliuliza maji yatapita wapi!"

Mbithe alimwinua binti yake, akampitisha mlangoni, na Kisilu ikabidi ajibanze ukutani ili wapite.

Asubuhi yake alifunga mzigo mmoja wa nguo na mmoja wa unga. "Tunaenda Kangundo," alisema. "Dada yangu ako na jiko." Kisha akasimama kidogo, mzigo kichwani, akimpa mumewe nafasi ya kusema jambo. Mke aliyekaa na mtu miaka mingi humpa nafasi hiyo hata akiwa amekasirika hivyo.

"Mkirudi," alisema Kisilu, "mtakuta kila kitu tayari."

Walipanda lori la chumvi lililokuwa likienda Tala. Kisilu aliwasindikiza hadi barabarani, akampa Katunge helmeti yake ajikinge mvua, na akasimama mpaka lori lilipopinda. Alirudi nyumbani akipangusa macho. Alisema ni moshi, ingawa nyumbani kwake hapakuwa na moto.

Siku zilizofuata mpishi wa wazungu alikula mandazi ya dukani. Alijaribu kuwasha moto juu ya mafiga yaliyolowa, akapuliza hadi kichwa kikamzunguka, na ndipo alipojua kuwa huko Ruiru kuni zake zilikuwa zikikaushwa na mtu mwingine, chini ya paa la mtu mwingine. Jioni alikaa kwenye kiti cha wageni na ile karatasi ya waridi. Aliona kijia kingependeza zaidi kikipinda kidogo. Lakini aliyaona hayo kwa nusu ya akili. Nusu nyingine ilikuwa ikisikiliza kama lori litasimama nje.

Lililosimama nje lilikuwa gari la askari. Akashuka Munyao, mkwewe, viatu vinang'aa, kofia kwapani. Alikuwa amepewa ruhusa, akaenda Kangundo kumwona mkewe, na sasa alikuwa akipita kumpa babamkwe habari kabla ya kurudi Nyeri. Kwa Wakamba mkwe hamkunjulii ulimi babamkwe. Iko heshima kati yao, karibu ya kuoneana haya. Mkwe hukaa kwenye ukingo wa kiti, hupima maneno, na la ubaya halitoki kinywani mwake hata akichomwa. Munyao alikaa hivyo hasa.

"Habari za huko?" aliuliza Kisilu.

"Mzuri, baba. Wote ni wazima. Katunge amejifungua. Ni kijana."

Kisilu aliruka. Alipiga makofi, akalia kwa furaha, akalitaja jina la Mungu kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Akamshika mkwewe mabega, jambo ambalo si la heshima kabisa, akamtikisa.

"Alisaidiwa na nani? Na yule dada ya mama Katunge?"

"Hapana, baba. Hawakufika Kangundo siku hiyo."

"Tala, basi."

"Hata Tala hawakufika." Munyao aliigeuza kofia mikononi. "Mvua ilikuwa mingi. Lori ilizama kwa ile udongo nyeusi, mbele ya Kilimambogo. Dereva akaenda kutafuta watu ya kusukuma. Katunge akashikwa na uchungu."

"Wakaingia nyumba ya nani?"

Munyao alitazama viatu vyake. Alivitazama muda mrefu, na vilikuwa safi.

"Hakukuwa na nyumba, baba," alisema.

Kisilu aliketi.

Mengine aliyapata kwa kuyavuta, moja baada ya jingine, maana mkwe alikuwa akiyaficha kwa heshima. Mbithe alimtoa binti yake kwenye lori, akampeleka kwenye kichaka kilichokuwa karibu, chini ya miti ya miiba, kwa sababu huko ndiko mvua ilikopungua kidogo. Wanawake waliokuwa wakitoka kwenye makonge waliposikia kilio walikuja mbio. Hawakujuana na Mbithe wala na Katunge. Walivua mashuka yao, wakashika pembe, wakasimama duara na kumtengenezea paa, mikono juu, mvua ikiwapiga wao, mpaka mtoto alipotoka. Mmoja aliimba. Mtoto alifungwa kwenye nguo ya mtu asiyejulikana. Maji ya kumwosha yalikingwa angani kwa helmeti ya Bwana.

"Wanawake wale walimfanyia kazi nzuri sana," alisema Munyao, na mara akanyamaza, kwa hofu kwamba labda amemtukana babamkwe.

Kisilu aliona aibu. Ilimpanda mwilini kama homa, kuanzia miguuni, na hakupata mahali pa kuiweka. Alitaka kuuliza jambo dogo, jambo la furaha, ili mambo mengine yapite.

"Na mmemwita nani?"

"Ya kwanza ni jina ya marehemu baba yangu, kama desturi."

"Na lile la wanawake?"

Maana Wakamba wana jina la pili, na mara nyingi hilo ndilo linalobaki. Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, wanawake wazima hukaa naye, wakampa jina la jinsi alivyokuja. Aliyekuja na mvua ataitwa Wambua hata akiwa mzee wa mvi mwenye ng'ombe mia.

Munyao aliigeuza kofia tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Sema tu, mwanangu."

"Ni mama aliyemwita, baba. Mama Katunge mwenyewe. Mimi sikuwa huko."

"Amemwita nani?"

"Kitheka," alisema Munyao, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake. Kitheka ni kichaka.

Kulipopambazuka Kisilu alipanda basi, akashuka Juja. Alimkuta Wainaina juu ya ukuta wa stoo, nyundo ya mawe mkononi.

"Nimekuja kukuambia uanze," alisema Kisilu kutoka chini.

"Nianze gani? Ile ya maua?"

"Ile ya kwanza."

"Ya kwanza nilitupa, mzee."

"Basi jenga jiko tu. Lolote."

Wainaina alipachika jiwe, akaligonga likae, akalitazama upande huu na upande ule. Alikuwa na haki yake, na aliichukua. "Na maji itapita wapi?" aliuliza.

"Kwa mtaro," alisema Kisilu. Kisha aliketi juu ya rundo la kokoto, akangoja mpaka fundi aliposhuka.

Jiko likajengwa. Lilikuwa jiko kama majiko mengine, karibu na mlango wa nyuma, na kulijenga hakukuchukua muda wa kusimuliwa. Mbithe alirudi pamoja na Katunge, mtoto alipoanza kukaza shingo. Aliingia jikoni, akapiga ukuta kofi, akatazama bomba, akawasha moto. Alimwambia mumewe aondoke mlangoni, anamzibia mwanga. Zaidi ya hapo hakusema neno juu ya jambo lile, si siku ile wala miaka iliyofuata. Waridi halikupandwa.

Mtoto akakua, akawa anatembea uwanjani akifukuza kuku, mnene, mwenye kelele, kipenzi cha babu yake. Wageni waliokuja kunywa chai walimwita, wakamshika shavu, wakamuuliza Kisilu huyu mjukuu anaitwa nani. Kisilu alijibu. Wakamba waliposikia walitazama pembeni, wakaomba sukari. Wasiokuwa Wakamba waliuliza maana yake, na Kisilu akaweka kikombe chini, akawaeleza.